Maji Mdomoni

Ivaru, milimani Same
9 Juni 2024

Dada Sumaiya,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Uliniambia nilete taarifa mara tu Wilbard akimaliza kuwapima wazee, na Wilbard ameshashuka zamani, mimi nimekaa kimya kama sina mkono. Asteria anaota meno, anaharisha, halali na mimi silali. Maharage yalikuwa yamekauka shambani yanapasuka yenyewe. Na simu, huyo huyo Asteria aliitumbukiza kwenye sufuria ya uji. Nimeianika juu ya mahindi, haijawaka hadi leo. Hamidu wa bodaboda atakuletea barua hii akishusha tangawizi.

Ile fomu ya taarifa nimeijaribu ikanishinda. Vyumba vyake vidogo, mambo marefu. Naandika hivi hivi, wewe chukua unachotaka.

Siku ya kwanza pale zahanati hakuja mtu. Wilbard alikaa na mashine yake ya presha mpaka jua likahama upande wa pili wa ukuta. Nikambeba Asteria, nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Wengine waliuliza kama damu inakwenda kuuzwa. Nikawaambia atoboe kidole changu kwanza, na akatoboa wakiona. Lakini shida kubwa haikuwa damu, ilikuwa siku yenyewe. Mzee Eliufoo, anayesimamia ndiva yetu, lile bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia, aliniambia mbele za watu:

"Mama Asteria, yaani mnapima vichwa siku ya msaragambo? Atakayeacha kazi ya wote akaja huko kwenu, huyo kichwa kimeshaharibika. Msimpime, mpelekeni hospitali moja kwa moja."

Walicheka mpaka wakashika majembe. Basi nikamwambia Wilbard, wao hawaji kwetu, twende kwao. Tukahamia ndiva. Wakimaliza kuzoa tope wanakula makande, kisha wanakaa kwenye benchi la kanisani tulilolibeba, wanaingia mmoja mmoja chini ya turubai. Siku chache tu wakaisha wote. Kile kipimo cha kumbukumbu, cha kutajiwa maneno matatu na kuulizwa baadaye, wote wamekiweza.

Hata mama mkwe wangu, Bibi Yudith. Nimeshukuru sana. Ndiye ninayemwachia mtoto nikizunguka na kazi ya mradi, na kuna siku nilianza kuingiwa na wasiwasi. Chumvi mara mbili kwenye chungu kimoja. Kuniita kwa jina la wifi yangu. Sasa moyo umetulia, nikajua ni uzee wa kawaida na uchovu wangu mimi.

Niletee betri za mashine ya presha, zile za mwanzo zimekwisha.

Ni mimi,
Devotha, Mama Asteria


Same mjini
14 Juni 2024

Mama Asteria,

Salamu, na pole kwa mtoto. Mchemshie maji yake, na kama kuharisha hakukati mpeleke zahanati, usisubiri.

Taarifa yako nimeisoma mara mbili kwa kufurahi, kisha nikafungua fomu za Wilbard, furaha ikaisha. Wazee wote wa Ivaru wamekumbuka maneno yote matatu. Wote. Nimemjaribu kijana wa chuo aliye hapa ofisini kwa mafunzo, akasahau moja. Kuna fomu ya bibi mmoja (huku kwetu hawana majina, wana namba tu) ambaye hakujua tuko mwezi gani, hakujua mwaka, hakujua amekuja na nani. Lakini maneno matatu ameyataja kwa mpangilio kama mtu anayesali.

Daktari anayesimamia mradi anasema fomu zimejazwa na mtu mwingine. Anauliza kama ni Wilbard au ni wewe. Nimemwambia simjui Mama Asteria kuwa mtu wa hivyo. Akanijibu, kumjua mtu si ushahidi.

Nikueleze kwa nini jambo hili ni zito. Bingwa wa magonjwa ya kusahau anakuja mwezi wa nane. Atapanda milimani, lakini atakwenda vitongoji ambako tumepata watu wanaomhitaji. Ivaru kwa sasa haina hata mmoja. Kwenye karatasi mna akili timamu kuliko mji mzima. Na kama sitapata maelezo mwezi huu, Ivaru itaondolewa kabisa kwenye utafiti.

Niambie ukweli, hata kama ni mbaya. Betri nimempa Hamidu.

Sumaiya


Ivaru
20 Juni 2024

Dada Sumaiya,

Sikujaza fomu ya mtu. Mwandiko wangu unaujua, umelala kama ng'ombe mgonjwa, mngeutambua. Nimelia siku nzima kwa hasira, nikasonga ugali ukaungua. Kisha nikasema kulia hakujibu barua.

Ukweli nimeupata jikoni kwangu. Mama mkwe alikuwa anapukuchua mahindi karibu na moto, midomo inacheza. Nikasogea. "Kisu, mvua, blanketi. Kisu, mvua, blanketi." Wilbard ameshuka siku nyingi, na mama bado anayataja.

"Mama, hayo maneno nani kakufundisha?"

"Si tuliambiwa tusiyasahau?"

"Tuliambiwa na nani?"

Akanitazama kama nimemwuliza jina la mbuzi wa jirani. "Na wenzangu," akasema.

Nikaenda kwa Mzee Eliufoo. Nilimkuta anaziba tundu la ndiva kwa matope na mgomba. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikamwuliza moja kwa moja. Hata hakuficha.

"Mtu wa kwanza kutoka chini ya turubai alitwambia maneno. Tukapeana benchi zima. Jioni tukarudia, kesho yake tukarudia tunazoa tope. Mpaka mbuzi wangu anayajua."

"Lakini mzee, kile ni kipimo! Nimeonekana mwongo huko Same!"

"Wewe mtoto." Akaacha tope. "Huku kwetu mzee akikwama kwenye neno, unamwacha amekwama? Si unampa neno, aendelee na safari? Hata hapa kwenye kikao ndivyo tunavyofanya. Mimi nikisahau jina la mtu kuna atakayenisogezea, na simwambii asante, wala yeye hanicheki. Sasa ulitaka tumwache Yudith mbele ya yule kijana mgeni, atoe macho?"

Dada Sumaiya, hapo ndipo nilipoelewa. Hawakujifunza kwa ajili yao. Wengi wangeweza wenyewe. Walijifunza wote ili mama mkwe wangu asikae kwenye benchi pasipo mtu wa kumrudishia maneno. Mzee aliniambia wamekuwa wakimlinda tangu mavuno ya mwaka jana. Wakikutana naye njiani wanamsalimu kwa kujitaja, "Mimi Eliufoo wa kule juu," ili asione haya kuuliza. Akipita njia panda yetu akaendelea mbele, kuna mtu anajifanya naye anakuja upande huu. Mimi ninayelala naye nyumba moja nilikuwa naona mama anayezungukwa na watu wanaompenda, nikadhani yuko salama.

Yule bibi wa namba, asiyejua mwezi wala mwaka, sihitaji uniambie ni nani.

Kwa hiyo mwambie daktari Wilbard hana kosa, hajui Kipare, na benchi zima lilikuwa linaongea Kipare. Na mimi sikuwapo karibu, nilikuwa nanyonyesha. Basi.

Karatasi imekwisha. ~~Na jana Asteria~~

Devotha


Same mjini
26 Juni 2024

Mama Asteria,

Nimempelekea daktari barua yako kama ilivyo, pamoja na ng'ombe mgonjwa. Alicheka, kisha akairudia kuisoma tangu mwanzo. Amekubali kwamba hakuna aliyedanganya fomu. Jina lako limesafishwa, na la Wilbard.

Lakini majibu ya kumbukumbu ya Ivaru yanafutwa yote. Tutapima upya kwa maneno mapya, Julai, kabla bingwa hajaja. Masharti ni haya: mzee anaingia peke yake, hakuna msindikizaji, na aliyetoka harudi kwenye benchi. Najua utasema ni ukali. Kipimo kinachojibiwa na watu wengine hakimsaidii anayepimwa. Mwenye tatizo amejificha nyuma ya wenzake, na dawa au ushauri haumfikii. Mama mkwe wako ndiye wa kwanza kuumia na huruma hiyo.

Uzungumze naye kabla. Akisema hataki, basi hataki, na hakuna atakayemlazimisha.

Sasa jambo jingine, na hili naliuliza mimi, si ofisi. Mstari wako wa mwisho umeukata, lakini wino haukuziba. Nimeona jina la mtoto. Kuna nini?

Sumaiya


Ivaru
1 Julai 2024

Dada Sumaiya,

Niliukata kwa sababu nikiandika linakuwa kweli.

Siku moja kabla ya barua ile nilikuwa nimemwachia mama mtoto, nikaenda kwa mwenyekiti. Niliporudi nilimkuta mama anapanda kutoka bondeni, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, anaimba. Mbeleko amejifunga vizuri kabisa mgongoni, fundo limekaza. Ndani yake hamna mtu.

Nikamwuliza, "Mama, mtoto yuko wapi?" Akajipapasa mgongoni. Akasema, "Amelala." Alikuwa anapigapiga ile mbeleko, anaibembeleza.

Nilikimbia bondeni sijui kwa miguu ipi. Asteria alikuwa chini ya mgomba, pale mama alipomlaza ili akate majani, karibu na mfereji, anakula udongo. Hakulia hata. Mimi ndiye niliyelia.

Sikumgombeza mama. Jioni nilipombeba mtoto mwenyewe alisema, "Mlete, umechoka." Nikamwambia, "Leo nambeba mimi, mama." Kesho yake hivyo hivyo. Hajauliza tena, ila anaitazama mbeleko. Siku hizi nikienda kazi zako naenda nao wote, mtoto mgongoni, mama mkwe ubavuni. Tunatembea kwa mwendo wa ng'ombe aliyeshiba, ndiyo maana taarifa zinachelewa.

Mume wangu Aminieli yuko Dodoma kwenye ujenzi. Nilimpigia kwa simu ya Zaituni wa dukani. Akasema, "Mama yangu haumwi, mama yangu ni mzee. Usimtangaze." Nikamwambia sitangazi, natafuta tiba. Akakata. Alimwona mama Krismasi, siku ambayo nyumba ilikuwa imejaa watu wa kumsogezea maneno.

Sasa kuhusu kupima upya. Nataka apimwe kuliko unavyotaka wewe. Lakini hilo la kuingia peke yake hapana. Hapana kabisa, mwambie daktari. Mama akiwekwa peke yake na mgeni anaogopa, na nikiogopa hata mimi sikumbuki jina langu. Hata wale wengine hawatakuja. Mzee Eliufoo amesema, "Mahabusu ndio wanaingia bila ndugu."

Nina wazo. Usinicheke. Mama yangu mzazi, tulipokuwa tunabishana njiani kutoka mtoni, alikuwa anatujaza maji mdomoni, kila mtoto funda lake, mpaka nyumbani. Ukimeza au ukitema anajua. Basi kila mzee aje na mtu wake, amkalie karibu, amshike hata mkono. Lakini msindikizaji awe na maji mdomoni tangu kipimo kinapoanza mpaka kinapoisha, kisha ayateme mbele ya Wilbard. Na maneno yawe tofauti, ili benchi lisisaidie.

Nimemwambia Mzee Eliufoo. Alikataa, akakataa, nikamwambia habari ya mbeleko. Aliketi kwenye ukuta wa ndiva. Kisha akasema, "Nitabeba maji."

Mama nimemweleza mwenyewe. Nilimwambia wanataka kujua anasahau nini. Akafikiri, akasema, "Nitawaambiaje? Si nimekisahau?" Tukacheka sana. Kisha akasema, "Twende. Uwepo na wewe."

Nijibu upesi.

Devotha


Same mjini
5 Julai 2024

Mama Asteria,

Nimesoma barua yako nikaenda kukaa nje kidogo. Mimi mama yangu yuko hapa Same, tunaishi naye, na sijawahi kumwuliza tuko mwezi gani. Jana nilimwuliza. Alijua. Akanigombeza kwa kumwuliza.

Daktari amekubali maji. Anasema hajawahi kuona jambo hilo mahali popote, na ataliandika. Wilbard anapanda tarehe kumi na saba na orodha nne za maneno, atakuwa anachanganya. Masharti: anayemeza au kutema, kipimo cha mzee wake kinafutwa.

Mbeleko nimeifikiria sana. Mshukuru Mungu, na usimwachie.

Sumaiya


Ivaru
21 Julai 2024

Dada Sumaiya,

Wilbard ameshuka na fomu, hizo utazisoma. Mimi nakuandikia yasiyo na chumba kwenye fomu.

Tulipimia ndiva tena, baada ya msaragambo. Ndoo ya maji safi iliwekwa karibu na turubai na kata yake. Wasindikizaji walipanga mstari wanachota, mashavu yamevimba kama watoto wenye matubwitubwi. Ivaru haijawahi kuwa kimya namna ile. Zaituni, ambaye hata msibani hanyamazi, alikaa na shangazi yake kipimo kizima, macho yanamtoka. Alipotema alisema, "Mungu wangu, nilikuwa nakufa." Mzee Eliufoo alimsindikiza kaka yake. Kaka akakwama kwenye neno la kwanza tu, mzee akammwagia Wilbard maji yote kwenye fomu. Wakafutwa. Wakarudi siku ya pili, safari hii mzee amejifunga na kanga kidevuni kama anaumwa jino.

Mama mkwe tulimwacha awe wa mwisho, ili pasiwe na benchi. Nilimpa Zaituni mtoto, nikachota maji, nikakaa naye goti kwa goti. Mkono wangu alikuwa ameushika.

Wilbard akamtajia: ng'ombe, dirisha, chumvi. Mama akarudia vizuri. Kisha Wilbard akamwuliza mengine, mwezi, mwaka, yuko wapi. Mahali alijua. "Ndiva," akasema, "wewe huoni maji?" Kwenye mwaka akacheka, akasema hiyo kazi ya serikali. Kisha Wilbard akamwambia ataje yale maneno matatu.

"Ng'ombe," akasema mara moja. Akaanza habari za ng'ombe wa baba yake aliyeanguka kwenye mteremko, mzuri, mwenye baka. Wilbard akasubiri. "Na lingine, bibi?" Mama akafanya anavyofanya siku zote, akageuka kwa aliye karibu naye.

Alinitazama, dada. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alinitazama kama mtu anayenyoosha mkono apewe kikombe, anajua kitakuja. Mimi nilikuwa nayo maneno yote mawili, nimeyashika kwa meno. Dirisha. Chumvi. Ile chumvi aliyotia mara mbili. Maji yalikuwa yamepata moto mdomoni. Nilimbana mkono, na kumbana si neno.

Akasubiri. Akaona sitampa. Niliona anapoona.

Akamgeukia Wilbard, akasema kwa Kiswahili safi, "Mwanangu, sijui. Andika sijui." Kisha akanifuta machozi kwa pindo la kanga yake, mimi mwenye mashavu yamejaa, akaniambia kwa Kipare nitemee chini nisije nikapaliwa.

Nje wenzake walikuwa wamesimama. Hawakumwuliza alipata mangapi. Mzee Eliufoo alisema, "Mimi Eliufoo wa kule juu. Twende nikusindikize, naelekea huko huko kwako." Sikumzuia. Njiani ndiko kazi yao iliko, waendelee nayo. Chini ya turubai tu ndiko wasiingie.

Jioni nilimketisha mama kwenye mkeka, mgongo ukutani, nikampakatisha Asteria. Nilikaa mbele yao napukuchua, siondoi macho. Alimwimbia wimbo wote mpaka mwisho, hakuruka neno. Hivi ndivyo tutakavyofanya. Kumbeba peke yake hapana tena, na nimemwambia waziwazi. Kumpakata kila siku, mbele yangu. Amesema sawa. Kesho nitamwambia tena.

Ninavyohitaji bado ni hivi. Fomu mpya badala ya zile Mzee Eliufoo alizolowesha, na samahani. Betri tena, ila ziwe za dukani kwa Mhindi, zile za mwisho zilikuwa na kutu. Turubai jingine, hili linavuja na vuli haiko mbali. Tarehe ya bingwa, iwe kamili, si "mwezi wa nane" tu, na isiwe siku ya msaragambo, mwulize Mzee Eliufoo kwanza. Barua ya daktari kwa Aminieli, yenye mhuri, imweleze kwa upole kwamba mama yake anaumwa na si mkewe anayesema. Anwani naiambatanisha. Dawa ya kuharisha ya Asteria, ile ya unga, maana pale zahanati imeisha.

Na majibu ya mama. Usimpe Wilbard ayaseme, wala usiyapitishe kwa mwenyekiti. Yafunge kwenye bahasha yenye jina langu, uyaandike kwa Kiswahili cha kawaida. Nitamsomea mwenyewe kwa Kipare, nyumbani, goti kwa goti. Akikwama safari hii nitampa neno, sitakuwa na maji mdomoni.

Devotha, Mama Asteria